Jinsi Jimbo la Mkwembe Lilivyomchagua Rais

Katika Muungano wa Majimbo ya Nyanda, nchi ambayo hakuna atakayeiona hata apande mlima mrefu kiasi gani, vita vya kumfukuza Mfalme vilikwisha, na watu wakaamka asubuhi wakakuta hawana tena mtu wa kumlaumu. Jambo hilo liliwasumbua sana wenye akili zao. Wakakaa chini, wakaandika Katiba, na ndani ya Katiba wakaweka Rais ili nafasi isikae wazi.

Rais mwenyewe alijulikana hata kabla cheo hakijapata jina. Alikuwa Jenerali Sembuya, aliyeongoza vita tangu mwanzo hadi mwisho, mtu mrefu, mkimya, aliyecheka kwa mdomo uliofumbwa kwa sababu ya meno. Mgombea mwingine hakuwapo. Jenerali alikuwa amesema mara nyingi kwamba hataki, kwamba anataka kubaki kwake na kondoo wake, na kila aliposema hivyo watu walipiga makofi na kuusifu unyenyekevu wake.

Waandishi wa Katiba walimpenda sana mwananchi, ila walimwona ni mwingi mno kupiga kura. Kwa hiyo waliagiza kila jimbo lichague watu wachache waitwao Wateuzi, na Wateuzi hao ndio wampigie kura Rais pamoja na Makamu wake. Wateuzi wachaguliwe vipi? Katiba ilisema: "kwa namna ambayo jimbo litaona inafaa." Inasemekana kifungu hicho kiliandikwa karibu na saa ya chakula.

Majimbo mengine yalisoma kifungu hicho, yakaona inafaa, yakamaliza. Jimbo la Mkwembe halikuwa la kufanya mambo juu juu namna hiyo.

*

Mkwembe ilikuwa na Mabaraza mawili, na yote mawili yalikaa katika ghala la zamani la tumbaku, kwa kuwa ndilo jengo pekee mjini lililobaki na paa baada ya vita. Baraza la Juu lilikaa ghorofani. Baraza la Chini lilikaa chini. Harufu ya tumbaku haikuwahi kutoka katika mbao zile, hivyo hotuba zote za uhuru katika jimbo hilo zilisomwa katikati ya chafya.

Katika Baraza la Chini alikuwamo Bi Zamaradi Lukindo, mwakilishi wa Ngosale. Alikuwa mjane. Mumewe aliuawa vitani, wakati jeshi la Jenerali linavuka mto, na jeshi lilipokosa fedha za kuwalipa wajane liliwagawia mashamba. Yalikuwa mashamba ya mabwana waliokimbia pamoja na Mfalme. Mabwana wenyewe hawakukimbia mbali. Walifika mjini, wakabadili nguo, wakachaguliwa kuingia Baraza la Juu.

Alipokuwa anaondoka Ngosale kwenda kwenye kikao, jirani yake, Mzee Kauzeni, alimsindikiza mpaka barabarani. Naye alikuwa amepewa shamba, kwa ajili ya mguu alioupoteza.

"Habari za Rais usihangaike nazo, shemeji," alimwambia. "Huyo tunaye. Wewe mwangalie Makamu."

"Namwangalia."

"Maana akipita Ferunzi, mimi na wewe tutapanda mihogo kwenye kofia."

Mzee Kauzeni hakuwa anatia chumvi. Umakamu ulikuwa na wagombea wawili. Wakili Dosa alisema mashamba ya askari yabaki kwa askari na wajane wao. Bwana Ferunzi alisema nchi mpya inahitaji heshima, na heshima huanza kwa kumrudishia kila mtu chake. Walio chini ghalani walimtaka Dosa. Walio ghorofani walimtaka Ferunzi. Lakini kulitaja shamba mbele ya Baraza kungekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo pande zote mbili zilizungumza juu ya utaratibu.

*

Spika wa Baraza la Chini, Bwana Tindwa, alikuwa mwuza chumvi kabla hajawa mheshimiwa, na sauti yake ilikuwa bado ya sokoni.

"Waheshimiwa," alisema, akapiga chafya, "msimamo wetu ni mwepesi. Mabaraza yote mawili yakae pamoja, chumba kimoja, wahesabiwe vichwa. Wengi wape. Huo ndio uhuru."

Watu wakashangilia, kwa kuwa walikuwa wengi.

"Nani atawapelekea wa juu habari hii?"

Ngazi za ghala lile zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya wapagazi wa marobota, vijana wenye mapaja, na kila kipandio kilifika karibu na goti. Wajumbe wakaanza kutazama dari. Ndipo Spika akakumbuka kwamba Bi Zamaradi anasifika kwa adabu. Waheshimiwa wote wakakumbuka hivyo hivyo, wakapitisha azimio la kumpongeza, na Bi Zamaradi akainuka na goti lake bovu, akaanza kupanda.

Mwenyekiti wa Baraza la Juu, Mheshimiwa Magwaza, alimpokea mlangoni kabisa. Alikuwa mzee msafi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Kabla ya vita, ardhi yote ya Ngosale, mpaka kwenye kilima, ilikuwa yake.

"Karibu, Bi Zamaradi. Pole na ngazi. Mihogo yangu inaendeleaje?"

"Mihogo yangu haijambo, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Kaa, upumue."

Alisikiliza ujumbe wote bila kumkatiza. Kisha akawageukia wenzake, ambao walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akisinzia akidi ilitetereka, akasema: "Kukaa chumba kimoja ni rai nzuri. Inaonyesha upendo. Lakini upendo usio na mpaka ni vurugu. Kila Baraza lipige kura peke yake, na Mteuzi awe yule tu aliyekubaliwa na Mabaraza yote mawili. Huko ndiko kuheshimiana."

Wakamshangilia kwa kugonga fimbo sakafuni. Chini, wajumbe wa Baraza la Chini walitikisa vumbi la tumbaku vichwani mwao, wakajua wamekataliwa.

*

Basi ikawa hivyo. Bi Zamaradi alipanda na neno na kushuka na neno. Akiwa chini alisikia kwamba walio juu ni masalia ya Mfalme. Akiwa juu alisikia kwamba walio chini ni kundi la ng'ombe. Katika yote hayo hakusikia hata mara moja mtu akisema hamtaki Jenerali. Kila hotuba ilianza na Jenerali, ikamsifu kwa ushujaa wake, kwa farasi wake, kwa uvumilivu wake wa baridi, kisha ikaingia katika utaratibu na kupotelea humo.

Magazeti ya majimbo mengine yalianza kuwasili yakisema Wateuzi wamekwisha kupatikana huko, na kwamba katika kiti cha Makamu, Dosa na Ferunzi wanakabana koo. Bi Zamaradi aliyasoma akiwa amekaa kwenye kipandio cha chini, goti lake limefungwa kitambaa cha maji ya moto. Alijua kusoma kura kama alivyojua kusoma mawingu. Mkwembe ikipiga, Dosa anaingia. Hata theluthi mbili ya Wateuzi wa Mkwembe ingetosha.

Alikwenda kwa Spika Tindwa.

"Bwana Spika, tuwape theluthi."

"Theluthi ya nini?"

"Ya Wateuzi. Wao wachague theluthi, sisi theluthi mbili. Hata wakimpa Ferunzi yao yote, yetu inampitisha Dosa. Nimeyasoma magazeti."

Spika alimtazama kwa huruma. "Bi Zamaradi, mimi na wewe tunajua hivyo. Lakini tukiwapa theluthi leo, watu watasema tulikuwa na haki ya theluthi mbili tu. Na uchaguzi ujao? Na ule mwingine?"

"Uchaguzi ujao nitakuwa nalima wapi?"

"Hilo ni swali zito," alisema Spika. "Ni la kuundiwa kamati."

Kamati ikaundwa, ya Mabaraza yote mawili. Ikatokea shida ya mahali. Wajumbe wa juu hawakuweza kushuka, maana kushuka ni kushuka. Wa chini hawakukubali kupanda, maana kupanda kwa kuitwa ni utumwa. Baada ya mashauriano marefu wakakutana katikati ya ngazi, kila mtu amekaa kwenye kipandio chake, magoti ya mmoja kwenye mgongo wa mwingine. Wakajadili kwanza kama waliokaa vipandio vya juu ni wakubwa kuliko waliokaa vipandio vya chini. Mjumbe mmoja mnene kutoka ghorofani akakwama kati ya ukuta na nguzo, na kamati ikaahirishwa kwa kauli moja ili atolewe. Hiyo ndiyo kauli moja pekee iliyopatikana katika kikao chote.

*

Siku ya mwisho ya kuchagua Wateuzi ilikuwa Jumatano. Jua likizama kabla majina hayajapatikana, jimbo lingekuwa limenyamaza, bila kura hata moja.

Asubuhi hiyo Bi Zamaradi hakupanda ngazi. Alisimama mbele ya Baraza la Chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, akazungumza bila kumtaja Jenerali. Watu walishtuka kidogo.

"Waheshimiwa, nimechoka," alisema. "Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu ndilo jambo la kweli nililonalo. Nyumbani watu hawaniulizi tulikaa chumba gani. Wananiuliza tulimchagua nani. Tuwakubalie wa juu utaratibu wao wote kama walivyoutaka. Watakataa baadhi ya watu wetu, na sisi tutakataa baadhi ya watu wao, na wachache watakaobaki watakuwa watu wa kukaa kimya na kupiga kura. Katika hao, mmoja wawili watakuwa na akili. Tukubali, twende zetu."

Kilichofuata hakikutarajiwa na yeyote, hata na yeye. Walikubali. Pengine ni uchovu, pengine ni chafya. Spika Tindwa alifuta macho na kutangaza kwamba Baraza la Chini, kwa ukarimu usio na kifani, linalikubali pendekezo la Baraza la Juu bila kubadili hata nukta.

Bi Zamaradi alipanda ngazi zile mbio, kwa namna ambayo goti lake lilikuja kumdai baadaye. Mlangoni akagongana na Mheshimiwa Magwaza, aliyekuwa anatoka, uso unang'aa.

"Bi Zamaradi, nilikuwa naja kwako. Tumeamua."

"Na sisi tumeamua, mheshimiwa. Tunakubali utaratibu wenu."

Uso wa mzee ukaacha kung'aa. "Haiwezekani," alisema polepole. "Sisi tumekubali wenu."

Ilikuwa kweli. Ghorofani nako walikuwa wameona kwamba ukaidi unawachafulia jina, na kwamba historia humkumbuka aliyelegeza. Walikuwa tayari kushuka, kukaa chumba kimoja na kuhesabiwa vichwa. Hotuba ya kulegeza ilikuwa imekwisha kutungwa, na ilikuwa nzuri.

"Basi chagueni mmoja," alisema Bi Zamaradi. "Wowote."

"Tunachagua wenu," alisema Mheshimiwa Magwaza. "Tumeshapiga kura. Hatuwezi kuonekana tumelegezewa na wauza chumvi."

Akashuka na jibu hilo. Baraza la Chini lilikasirika kuliko siku zote. Watu ambao asubuhi ile walikuwa tayari kufa kwa ajili ya chumba kimoja walisimama kutetea vyumba viwili. Spika Tindwa alisema chumba kimoja ni hila ya kikabaila, kwamba uhuru wa kweli ni kila Baraza peke yake, na kwamba yeye alikuwa na wazo hilo tangu utotoni. Juu, fimbo ziligonga sakafu kutetea umoja na wingi wa vichwa. Bi Zamaradi alisimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, akisikiliza Mabaraza mawili, kila moja likipiga kelele maneno ya mwenzake.

Dirishani mwa ngazi jua lilikuwa jekundu. Alilitazama likishuka nyuma ya maghala. Hakulia. Alikaa kwenye kipandio, akavua viatu.

*

Jenerali Sembuya alichaguliwa Rais kwa kura zote zilizopigwa. Bwana Ferunzi alikuwa Makamu kwa kumzidi Dosa kura chache sana, chache kuliko zile ambazo Mkwembe ingepiga. Baraza la Juu lilitoa tamko kwamba Baraza la Chini limelinyamazisha jimbo. Baraza la Chini lilitoa tamko hilo hilo, limebadilisha majina tu. Kisha yote mawili yakatangaza sikukuu.

Rais mpya alizunguka majimboni kushukuru, na akafika Mkwembe. Watu walijipanga barabarani na vitambaa. Alipandishwa juu ya sanduku la tumbaku akasoma hotuba: anawashukuru watu wa Mkwembe kwa kura zao zote, ambazo hatazisahau maisha yake. Spika Tindwa na Mheshimiwa Magwaza, wamesimama bega kwa bega, waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu na kupokea shukrani hizo.

Baada ya hotuba Rais aliwapa mkono wawakilishi mmoja mmoja. Kwa Bi Zamaradi aliambiwa huyu ni mjane wa vita, akasimama.

"Mumeo aliuawa wapi, mama?"

"Mtoni, Jenerali. Siku ya kuvuka."

"Nilikuwapo," alisema.

"Najua ulikuwapo." Bi Zamaradi akapunguza sauti. "Jenerali, sisi hatukukupigia kura. Hakuna kura iliyotoka hapa."

Waliokuwa karibu walikohoa. Rais alimtazama, na uso wake mrefu ulikuwa umechoka kuliko uso wa mtu aliyeshinda.

"Niliyaambia majimbo yote kwamba sitaki," alisema. "Kumbe ni moja tu lililonisikia."

"Na mashamba yetu?"

"Mashamba yako kwa Makamu, mama. Ndivyo walivyonigawia kazi." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaendelea na mstari.

*

Amri ya Makamu Ferunzi ilitoka kabla mihogo haijakomaa. Iliandikwa na watu wale wale walioandika Katiba, au ndugu zao. Ilisema mashamba yote yaliyogawiwa wakati wa vita yatarudishwa kwa wenyewe, "kwa utaratibu utakaokubaliwa na pande zote mbili."

Mheshimiwa Magwaza alifika Ngosale juu ya nyumbu, na mpima ardhi na kamba yake. Wanakijiji walikuwa wamesimama na majembe, na Mzee Kauzeni alikuwa na kitu kirefu zaidi ya jembe chini ya shuka. Bi Zamaradi alimwomba aketi.

"Shemeji, ngoja kwanza," alimwambia. "Huyu mimi namfahamu."

Akamwendea mgeni, akamsaidia kushuka.

"Karibu, mheshimiwa. Pole na njia. Amri tumeisomewa na tunaiheshimu. Tuzungumze utaratibu."

Magwaza aliitazama sura yake akitafuta dhihaka, hakuiona. "Ni jambo dogo," alisema. "Tutapima kutoka barabarani kwenda mtoni."

"Sisi tungependa kutoka mtoni kwenda barabarani."

"Ni eneo lile lile, Bi Zamaradi."

"Ni lile lile. Lakini leo tukikubali barabara, mheshimiwa, kesho watu watasemaje? Wengi wetu tulivuka mto ule. Wengine hawakufika ng'ambo."

Mzee Kauzeni, aliyekuwa hajaelewa kitu, aligonga mkongojo wake chini kuunga mkono.

Walibishana mpaka mpima ardhi akalala. Mheshimiwa Magwaza alirudi mjini, akafikiri, akaja tena wiki nyingine akiwa amelegeza: na iwe kutoka mtoni. Bi Zamaradi alimjibu kwa masikitiko kwamba kijiji kizima kimekaa, kimetafakari heshima yake, na kimekubali kutoka barabarani. Kura imeshapigwa. Hawawezi kuonekana wamelegezewa.

Mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika, na ilichukua muda Bi Zamaradi kutambua kwamba anacheka.

"Umenifanyia yale yale ya ghalani," alisema.

"Mlinipandisha ngazi nyingi, mheshimiwa."

"Nitakwenda kwa Makamu."

"Nenda. Atauliza pande zote mbili zimekubaliana nini."

Aliendelea kuja. Masika yakaja na kuondoka, na kila alipokuja alikuta jambo jipya la kukubaliana: kamba iwe ya katani au ya ngozi, kipimo kianze asubuhi au jioni, wajumbe wakae kivulini au juani. Bi Zamaradi hakuyafurahia. Usiku goti lilimuuma, mchana alikuwa na palizi, na mtu ambaye angependa kuzungumza naye juu ya palizi alikuwa amebaki mtoni. Kila wiki alifunga kitambaa kichwani, akaenda kukaa mbele ya Magwaza na kutokubaliana naye kwa adabu zote. Magwaza naye alizeeka kwa haraka. Nyumbu wake alikufa, akawa anakuja kwa miguu, na akifika hupewa uji kwanza kwa sababu hawezi kuongea.

Siku moja, akiwa na bakuli mkononi, aliitazama mihogo iliyofika kiunoni.

"Bi Zamaradi, na tukubaliane walau jambo moja kabla sijafa."

"Tukubaliane, mheshimiwa."

Wakakubaliana wakutane tena baada ya mavuno. Mavuno ya nani, hilo walilipeleka kwenye kamati.